Pikapu Yenye Chapa ya Ng'ombe

Saa moja asubuhi mjini Kanye, Botswana, ukifika gerejini kwa Gaolathe Seitshiro unapokewa na miguu. Mwili wote umo chini ya Datsun kuukuu, na sauti inatokea huko huko: "Uso ni wa mwaka sabini na nane, mgongo wa sabini na mbili. Nani kamchanganya huyu?"

Ana miaka 58, na kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akifufua pikapu ambazo mafundi wengine wameshazikatia tamaa. Rangi anaisugua kwa msasa, tabaka kwa tabaka, mpaka ile ya kwanza ionekane. Mwezi mzuri humwachia faida ya pula elfu nne.

Lakini kabla hajagusa boliti, huingia chini kwanza kutafuta alama moja. Marehemu baba yake alikuwa na Datsun ya samawati, na kwa kuwa hakuamini makaratasi, alichonga kwenye chasisi, kwa patasi, chapa ile ile aliyowapiga ng'ombe wake. Ukame wa mwaka 1984 ulipobana, aliiuza anunue chakula cha mifugo. Ng'ombe wakafa vile vile.

"Mama alililia gari kuliko ng'ombe," anasema Gaolathe. "Mzee akanuna wiki nzima."

Machi mwaka huu Mma Boikhutso, muuza mboga, alileta pikapu nyeupe inayofuka moshi. Gaolathe akaingia chini, akaikuta chapa ya baba yake.

"Shetani alinijia, sikufichi. Ningemwambia injini imekufa, niichukue kwa bei ya vyuma chakavu. Angejuaje?"

Badala yake alimwonyesha ile alama, akamwomba amuuzie. Yule mama akacheka. "Pole, Rra. Gari hili limenisomeshea watoto watatu. Siuzi hata ukiniletea kundi zima la ng'ombe."

Gaolathe akakubali, roho inamuuma.

Siku ya nne Mma Boikhutso akarudi na neno moja: mafisa. Ndivyo wafanyavyo Watswana na ng'ombe: unamkabidhi mwenzako, anamtunza na kumkamua, lakini mwenyewe unabaki wewe.

"Gari ni langu, ila likae kwako," alimwambia. "Litengeneze, liendeshe. Jumatano na Jumamosi unibebee mboga. Na ukiligonga, tutaonana kwa chifu."

Sasa pikapu imerudi kuwa ya samawati, zimebaki breki tu. Jumapili ijayo Gaolathe anataka kumpeleka mama yake, Tshenolo, mwenye miaka 86, kwenye malisho yao ya zamani. Tangu gari liuzwe, mama hajafika huko.

Bi Tshenolo amekuja leo kuliona. Analizunguka polepole, anapapasa mlango, na machozi yanamtoka.

"Nimefurahi, mwanangu," anasema. "Ila safari hii nakaa mbele. Miaka yote ile baba yako alimweka mbele mjomba wake, mimi nyuma na mbuzi."