Rejista ya Jioni

Kuna siku moja ambayo mimi huikumbuka kila ukungu unaposhuka, mwanangu, na wewe huikumbuki ingawa uliisababisha wewe. Ulikuwa bado hujaanza shule. Sikuwahi kuona haja ya kukusimulia. Lakini jana uliketi hapa jikoni kwangu ukimwandikia Kiprotich maneno makali kwenye simu huku machozi yakikudondoka, nikaona kwamba nikinyamaza zaidi nitakuwa nimekukosea. Mwanao ameacha chuo bila kuwaambia, baba yake akamfokea, naye akachukua begi lake akaondoka. Tangu hapo hapokei simu. Hatujui analala wapi wala anakula nini. Usidhani mimi nalala. Mbwa wa jirani akibweka tu, niko dirishani.

Hebu weka hiyo simu chini kidogo. Nataka kukuambia habari za babu yako.

Unajua mimi ni mtoto wa nyumba za kiwanda. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi ya chai, na kule kwetu mtoto aliitwa kwa kupigiwa kelele kutoka mlangoni, basi. Nilipoolewa hapa Sosiot nikamkuta baba mkwe wangu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, akikaribia kustaafu. Wanaume wengine wakistaafu hununua ng'ombe au huanza kugombania vyeo vya kanisa. Yeye alihamishia shule nyumbani. Alichonga penseli za wajukuu kwa kisu cha jikoni hadi mama mkwe akakificha. Aliwaoshea viatu vyenye matope kwa mikono yake. Mvua ikinyesha saa ya kutoka shule, ungemkuta kando ya barabara na mwavuli mmoja kwa watoto watatu, yeye akilowa kama mti. Nilimpenda sana mzee yule. Kitu kimoja tu kilinichosha, nacho ni ile rejista yake.

Kila jioni, ng'ombe wakishaingia na kabla mtoto hajapewa chai, Mwalimu alisimama mlangoni akaita majina ya wajukuu kuanzia mkubwa hadi mdogo. Hakushika kitabu. "Kiplangat!" "Niko, Mwalimu!" "Chepkoech!" "Niko, Mwalimu!" "Kipkemoi!" Wa mwisho ulikuwa wewe, Chebet, na uliitika kwa nguvu kuliko binamu zako wote. Halafu yeye angesema, "Tarasa limetimia." Alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na bado darasa likimtoka mdomoni lilikuwa tarasa. Sisi wake wa wanawe tulimcheka jikoni hadi tukashika mbavu. Watoto wote wako hapa mbele yake, tulisema, anawaita wa nini?

Sasa siku yenyewe. Watu walikuwa wanakuja kumposa shangazi yako, na mama mkwe alikuwa ameweka mursik ya wageni, yale maziwa ya kibuyu, ndani ya kibuyu alichopewa na mama yake mzazi. Sijui ulikuwa unatafuta nini kule juu darini kilikotundikwa. Nilirudi kutoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni, nikakuta maziwa sakafuni na kibuyu vipande vipande, nawe umesimama katikati. Nilishika fimbo. Nikakuambia, "Leo utanitambua!" Ukapita chini ya mkono wangu, ukaingia kwenye chai.

Chai ya jirani ilikuwa haijakatwa miaka. Kwa juu imeshikana, lakini huku chini kwenye mashina mtoto anaweza kutambaa mpaka mtoni bila mtu kumwona. Kwanza sikujali. Nilijua njaa itakurudisha. Kisha ukungu ukashuka, mvua ikaanguka juu yake, na nikausikia mto. Ulikuwa umejaa, unanguruma.

Nilikimbia kwenye mistari ya chai nikipiga kelele. "Chebet! Toka huko! Nikikushika utajuta!" Majirani wakaja nao wakaita hivyo hivyo, mmoja akikutishia mbwa, mwingine polisi. Mwanangu, nilikuwa nakufa kwa woga, lakini kilichotoka mdomoni ilikuwa hasira tu. Sikujua namna nyingine ya kuita.

Mwalimu alitupata hivyo akitoka kituo cha kupimia majani. Alisimama chini ya mwavuli akasikiliza kidogo, kisha akanijia.

"Mama Chebet, nyamaza kwanza," akasema. "Hebu sikia vile unaita. Hata mimi nikiitwa hivyo sitoki."

"Lakini Baba, mto umejaa!"

"Najua mto umejaa. Lakini yeye hajui unaogopa. Yeye anajua tu uko na fimbo."

Nilitazama mkono wangu. Kweli fimbo ilikuwa bado mkononi.

Akawanyamazisha watu wote. Akawaita Kiplangat, Chepkoech na Kipkemoi, akawapanga kandokando ya chai huku wakitetemeka, na akaanza, kwa ile sauti yake ya kila jioni, wala si ya juu wala si ya kubembeleza. "Kiplangat!" "Niko, Mwalimu." "Chepkoech!" "Niko, Mwalimu." "Kipkemoi!" "Niko, Mwalimu." "Chebet!"

Mvua tu juu ya majani, na ule mto.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Akainua kidole kimoja. Nikaona mwavuli unavyotikisika mkononi mwake, nikajua mzee naye anaogopa kama mimi, pengine kunishinda, kwa sababu alikuwa amewahi kuona watoto wakitolewa kwenye mto ule. Lakini sauti yake haikutikisika. Hakulirudia jina lako. Alirudi kwa Kiplangat, akaanza upya kana kwamba ni jioni nyingine. Wakaitika mmoja baada ya mwingine. Akafika kwako.

"Niko, Mwalimu."

Ulikuwa karibu hivi, hatua chache tu kutoka miguuni pangu, chini ya chai. Nilikuwa nimepita hapo nikikutishia, nawe umejikunyata unanitazama miguu. Mwalimu akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kanisa, akakutoa, akakufunika kwa koti. "Tarasa limetimia," akasema, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilikaa chini palepale nikalia.

Baadaye aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema mtoto aliyekosea huwa anafikiri nafasi yake imeshachukuliwa. Ukimwita kwa jina lake, kwa zamu yake, na sauti ileile ya jana, anajua nafasi bado ipo. Mengine yatazungumzwa akiwa ameshakauka nguo.

Uzeeni alisahau mengi, mimi akinichanganya na dada yake, lakini rejista hakuisahau. Aliita akiwa kitandani. Jina la mwisho wakati huo lilikuwa la kitukuu chake, Kiprotich wako, aliyekuwa akipanda juu ya blanketi na kumpigia kelele sikioni, "Niko, Mwalimu!" Mzee alikuwa akifurahi hadi anakohoa. Kwa hiyo kijana anaijua rejista, mwanangu. Aliijua kabla ya kujua kusoma.

Leo asubuhi ukiwa bado umelala, nilichukua simu nikaingia kwenye grupu ya familia. Unajua vidole vyangu ni vizito. Nikaandika: Kiplangat. Akajibu kutoka Bomet, "Niko, Mwalimu." Nadhani alielewa mara moja. Chepkoech, yupo. Kipkemoi, yupo. Wewe nilikuitikia mimi. Nikateremka kwa watoto wenu wote, nikafika mwisho. Kiprotich.

Hajajibu. Lakini Chepkoech amenifunza namna ya kuangalia nani amesoma, na jina lake liko hapo. Amesoma. Yuko mahali, yuko hai, na ametusikia tukiitika. Bado naogopa, sikufichi. Ila hata wewe ulisikia mara ya kwanza ukanyamaza.

Basi shauri langu ni hili. Futa hayo ya "usikanyage kwangu tena." Yeye haoni unavyolia, anaona fimbo tu. Woga ukikushika, usiuvalishe hasira halafu uutume ukamtafute mtoto. Mambo ya chuo yatangoja, na mweleze mumeo hivyo pia. Likifika jina lako jioni hii, jibu mwenyewe, "Niko," na usiongeze neno. Asipojibu leo, tutarudi kwa Kiplangat kesho, na kesho kutwa, hadi atakapoitika.

Mungu amfunike huko aliko, ampe pa kulala pakavu na mtu wa kumgawia chai. Alizaliwa saa ng'ombe wakirudi nyumbani, ndiyo maana tukamwita Kiprotich. Mungu amrudishe saa ya jina lake, na akukute wewe mlangoni, mikono mitupu. Haya, pangusa uso mama. Ng'ombe ndio hao wanaingia, nipe simu nianze.