Kasuku Aliyeitikia Kabla ya Kuamkiwa

Kasuku aliingia nyumbani kwetu Majengo akiwa juu ya kichwa cha mume wangu. Sisemi kwamba alikuwa ndani ya tundu, na tundu limebebwa kichwani. Nasema juu ya kofia yenyewe, kaing'ang'ania kwa kucha, huku mume wangu ameshika mkononi tundu tupu lililovunjika mlango.

"Usiseme kwa sauti kubwa," mume wangu aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Ukipiga kelele ananing'ata sikio."

Mume wangu alikuwa seremala. Enzi hizo za Mwingereza, Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Sanya Juu alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwita aje amtengenezee makasha ya kufungia vyombo. Kazi ilipokwisha, mke wa yule Mzungu alitoka nje analia, akamwekea mume wangu mikononi tundu lenye kasuku, akarudi ndani. Mume wangu hakujua kama amepewa au ameambiwa amshikie kidogo tu. Kwa adabu alisimama uani akisubiri, mpaka akaiona motokaa inatoka getini na wenyewe ndani yake. Ndipo alipoelewa.

Mpishi wa nyumba ile, mzee wa Kichagga, alimfuata mbio hadi njiani kumpa maagizo. Ampe karanga zisizo na chumvi, mahindi mabichi, ndizi na mbegu za boga. Asimlaze penye upepo. "Na kubwa kuliko yote," mzee akasema, "asikae kwenye moshi. Moshi utamuua."

"Lakini mzee, sisi tunakaa Moshi."

Yule mpishi akasema, "Basi Mungu awasaidie," akarudi zake.

Alikuwa ndege wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mume wangu alimpenda siku ile ile, akaapa kumjengea nyumba ambayo hata Wazungu hawajaiona. Alichagua vipande vya mninga, akavipiga randa mpaka vikang'aa, akachonga maua mlangoni kama ya milango ya kwao Pangani. Watu walikuja kulitazama tundu lile. Kasuku naye alilitazama, akaanza kulila. Alianza na maua. Mume wangu aliketi mbele yake juu ya kigoda, mikono kaifumbata, kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua, na kila ua lilipoanguka chini alisema polepole, "Hilo lilinichukua asubuhi nzima."

Tundu la pili lilikuwa la wavu wa waya, ule wa kuanikia kahawa, nalo halikuwa na ua hata moja.

Kazi ya kumtunza ilikuwa yangu. Niligundua kwamba pilipili haimwashi. Alizitafuna kama sisi tunavyotafuna miwa. Niligundua kwamba anapenda kuoga, ila hataki kuingia majini. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa uani, na kama kawaida nilijaza maji mdomoni nikainyunyizia nguo. Yeye kutoka tunduni akatandaza mabawa, akapiga kelele za wivu. Tangu hapo kila nilipopiga pasi nilinyunyizia shati moja, halafu kasuku, halafu shati. Kwa habari ya moshi, jiko letu lilikuwa uani, na upepo wa Moshi hauna msimamo. Ulipogeuka nililibeba tundu kutoka uani hadi chumba cha mbele. Ulipogeuka tena nikalirudisha. Majirani walikuwa wakiniona napita na tundu, wanajua moshi unaelekea kwao, wanaanua nguo zao kwenye kamba.

Tatizo lilikuwa neno lake. Alijua neno moja tu la Kiswahili, nalo lilikuwa "Marahaba." Alilitamka kwa sauti nzito, ya kuchoka, sauti ya mzee aliyeamkiwa mara nyingi mno maishani mwake. Hakungoja mtu amwamkie. Ukiingia tu mlangoni, kabla hujavua viatu, unaambiwa, "Marahaba." Sisi tulicheka. Hatukujua kwamba mama mkwe wangu alikuwa njiani anakuja.

Alikuja kwa gari moshi kutoka Tanga, kukaa nasi mwezi mmoja. Alikuwa mwanamke wa Pangani, mnyoofu, mwenye sauti ndogo na adabu kubwa. Mimi na mume wangu tulijipanga mlangoni tumpokee. Nilipoinama na kuanza, "Shikamoo, ma—" sauti nzito ikatoka nyuma yetu.

"Marahaba!"

Mama mkwe alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Nani huyo?"

"Ni kasuku, mama," mume wangu akasema.

"Kwani nimemwamkia?"

"Hujamwamkia, mama. Ndivyo alivyo."

"Mimi," mama mkwe akasema, "sijaitikiwa na mtu ambaye sijamwamkia tangu nizaliwe. Huyu lazima afundishwe."

Kesho yake alianza somo. Alitandika mkeka wake mbele ya tundu barazani, akaketi, akamwambia ndege kwa upole, taratibu, ili ashike neno vizuri: "Shikamoo."

"Marahaba," kasuku akajibu.

"Hapana. Sema shikamoo."

"Marahaba."

"Shi-ka-moo!"

"Marahaba, mwanangu."

Hilo la "mwanangu" hatukuwa tumelisikia kabla. Mama mkwe alishika kifua. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa, akaendelea asubuhi ile, na jioni, na siku zilizofuata. Baraza letu lilikuwa limeelekea njia ya msikitini. Kila aliyepita alimwona mama wa watu, mtu mzima mwenye heshima zake, amekaa kitako mbele ya ndege anamwamkia shikamoo bila kuchoka, na ndege anamwitikia. Watu wakaanza kupunguza mwendo. Fundi viatu wa jirani, kwa kutotaka kuonekana hana adabu, naye akaanza kumwamkia kasuku kila akipita.

Mama mkwe alipoliona hilo aliniita. "Huyu ndege ana umri gani?"

"Sijui, mama."

"Basi twende tukaulize. Kama ni mtoto, nitamchapa. Kama ni mkubwa kwangu, nijue."

Mume wangu alidhani ni mzaha mpaka alipotuona tumepanda lori la Sanya Juu, tundu mapajani mwangu, limefunikwa kanga kwa ajili ya upepo. Njiani askari mmoja alisimamisha lori. Alipanda ngazi ya nyuma kukagua mizigo, akatutazama kwa ukali, akafungua mdomo aulize.

"Marahaba," sauti ikatoka chini ya kanga.

Nyuma yetu kulikuwa na rundo la magunia. Nadhani askari alifikiri kuna mzee kalala huko. Alivua kofia. "Shikamoo, mzee. Samahani kwa usumbufu," akasema, akashuka, akaruhusu lori lipite. Mama mkwe hakucheka. Aliangalia mbele, na niliona jambo lile limemwingia.

Tulimkuta yule mpishi kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani kwake, katikati ya migomba, anakatia ng'ombe majani. Nilipofunua tundu, yeye na kasuku walitazamana, na wote wawili wakasema "Marahaba" kwa pamoja. Ilikuwa sauti moja.

"Kumbe sauti ni yako!" nikasema.

"Ni yangu," mzee akakiri. "Vibarua wa shamba lile walikuwa wengi, na kila mmoja alipita mlango wa jiko kuniamkia. Huyu alinisikia kutwa, akajifunza. Nilipozeeka nikaona bora nimwachie kazi hiyo. Mimi nilikuwa nakoroga supu, yeye anaitika."

"Ana umri gani?" mama mkwe akauliza.

Mzee akaketi juu ya gogo. "Mimi nilipoingia jiko lile sikuwa nimeota ndevu. Ilikuwa enzi za Mjerumani. Nilimkuta, na mkia wake ulikuwa mwekundu hivi hivi. Na Mjerumani alisema kampata kwa mfanyabiashara aliyetoka naye Kongo, mzee mwenye mvi, ambaye alisema ndege huyu alimlea yeye."

"Alimlea nani?"

"Ndege alimlea mfanyabiashara. Ndivyo nilivyoambiwa. Sikuwapo."

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alilishika tundu lisitikisike. Tulipofika nyumbani alilishusha tundu mwenyewe, akaliweka mahali pake, akajitanda vizuri mtandio wake, akasema, "Shikamoo." Safari hii hakuwa anafundisha.

Kuanzia hapo maisha yetu yalibadilika. Chumba cha mbele kikawa cha kasuku, mzee wetu. Mama mkwe hakuingia humo kichwa wazi, wala hakunyoosha miguu mbele ya tundu. Alipiga hodi kabla ya kuingia, na kwa kuwa kasuku hakujua kusema "karibu," nilimkuta mara nyingi amesimama nje ya mlango, kashika sinia, anasubiri. Chakula cha mchana kasuku ndiye aliyepakuliwa kwanza. Mume wangu, aliyetoka kazini na njaa ya kupasua mbao, alikaa mbele ya sahani tupu akimtazama ndege anavyochambua pilau yake, punje baada ya punje, na kuidondosha chini ile asiyoipenda.

"Mama, ni ndege," alisema siku moja.

"Na wewe ni mwanangu," mama mkwe akajibu, "lakini sikuambii kila siku."

Mwezi wake ulikwisha, hakuondoka. Alisema si vizuri kuondoka bila kumuaga mzee, na mzee hakuonyesha kumruhusu.

Ikaja baridi ya Julai, mawingu yamekaa juu ya paa, mlima hatuuoni. Asubuhi moja mama mkwe aliniita kwa sauti iliyonifanya niangushe upawa. Kasuku alikuwa kashuka chini ya tundu, kavimbisha manyoya, macho kayafumba nusu, hataki karanga wala pilipili. Mama mkwe alikuwa tayari ananong'ona dua. "Mwanangu, mzee anatuacha," akasema. "Kamwite mumeo."

Nilimzungushia kasuku taulo nikamwinua polepole. Chini yake palikuwa na yai, jeupe, dogo kuliko la kuku.

"Mama," nikasema, "ametaga."

"Nani?"

"Mzee."

Mama mkwe alikaa sakafuni. Alilitazama yai, akamtazama ndege, akalitazama yai tena. Kisha akavua mtandio kichwani, akautupa pembeni. "Astaghfirullah! Miezi yote hii najifunika, najibana, nagonga mlango, kumbe ni mwanamke mwenzangu!" Halafu, bila kupumua, akaniuliza, "Amekula nini tangu ajifungue?"

Siku ile ile tundu lilihamishiwa chumbani kwake. Mume wangu aliamriwa atengeneze kisanduku cha kulalia, akakijaza maranda laini ya mbao. Mama mkwe alipika uji wa pilipili manga, kama anaopikiwa mzazi kwao Pangani. Jirani yetu, mama wa Machame aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, alipopata habari alikuja na bakuli la mtori wa ndizi na nyama.

"Mzazi hapewi uji mwepesi," akasema. "Hapa mlimani mzazi hula mtori, apate nguvu."

"Mtori ni mzito kwa aliyetoka kujifungua," mama mkwe akasema. "Na huyu si msichana."

Walibishana mbele ya tundu hadi mkaa ukazimika. Kasuku alikula vyote viwili, akapangusa mdomo wake kwenye wavu. Yule jirani alipokuwa anatoka alinong'ona, "Na baba wa yai ni nani?"

Mama mkwe akasema, "Tusichimbe."

Kasuku alilalia yai lile kwa bidii. Wanawake wa Majengo walipita kutoa hongera. Mwingine alileta karanga, mwingine kipande cha kanga cha kutandika. Lakini yai lilikuwa yai tu, halikuwa na kitu ndani. Wiki zilipita, na asubuhi moja kasuku akatoka kisandukuni, akapanda juu ya kijiti chake, hakulitazama tena.

Mama mkwe alilizika mwenyewe chini ya mpapai, kwa kijiko. Hakumtangazia mtu, ila habari ilimtangulia. Alasiri, watu walipotoka msikitini, mume wangu alikuwa mlangoni anapiga randa mguu wa meza. Wanaume wakaanza kumjia mmoja mmoja, wanampa mkono.

"Pole sana, fundi."

Mume wangu akaweka randa chini. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akaona hakuna wa kumwokoa. "Nimeshapoa," akasema. "Ni kazi ya Mungu."

Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, nami nilikuwa nawamiminia kahawa. Mfiwa alikuwa kashuka tunduni, anazunguka katikati yao kwa miguu, anapekua kila bakuli la karanga walilokuja nalo. Alikula la kwanza, akahamia la pili. Mmoja wa wageni alitaka kumfukuza.

"Mwacheni ale," mama mkwe akasema. "Tangu juzi hajatia kitu tumboni."

Haikuwa kweli, maana mimi ndiye niliyemlisha asubuhi ile. Lakini wageni walitikisa vichwa kwa huruma, wakamsogezea mabakuli.