Siku Wanakwaya Walipozunguka

Kati ya siku zote za ujana wangu, mwanangu, ile ninayoikumbuka kwa kicheko kikubwa ni siku niliyodanganya kwamba nimefunga, huku njaa inaniuma mpaka masikioni. Sikuwa nimenuia, sikuwa nimeomba, na Mungu mwenyewe hakuwa amenituma. Nilifunga kwa sababu ya magongo. Keti nikusimulie, maana kesho unakwenda kuanza staje, kazi yako ya majaribio, na sitaki uende kabla hujasikia habari hii.

Mguu wangu huu wa kushoto uliniacha nikiwa mtoto mdogo, ugonjwa wa kupooza ulipopita nyumbani kwetu. Wa kulia ulibaki mzima, na una ubishi wa miguu miwili. Nilikulia hapa hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, nikitembea kwa magongo, na nilikuwa mtoto mchokozi sana. Waulize walionichapa, kama bado wapo. Lakini nilipomaliza shule ndugu walianza kunigawa kama nyama ya sherehe. Huyu alisema nikae mlangoni niuze mkaa. Shangazi yangu, dada wa baba, akaona heri nipelekwe kijijini Lukafu kwa bibi, nikalinde mihogo inayoanikwa isiliwe na mbuzi.

"Hata muntu mwenye anaikala tu anaweza kufukuza mbuzi," alisema, na hakusema kwa ubaya. Alinihurumia. Huruma ya namna hiyo ni blanketi zito siku ya joto: aliyekufunika anakupenda, lakini wewe unakosa hewa.

Mama yangu ndiye aliyekataa. Alisikia kanisani kwamba kuna kituo kinachowafundisha kazi watu wenye ulemavu, na Jumatatu yake akanipeleka. Pale niliwakuta wasioona wakisuka viti, wasiosikia wakipiga randa mbao, na chumba cha mwisho kilikuwa cha cherehani. Mwalimu wetu aliitwa Maman Ngoie. Mkono wake mmoja ulichukuliwa na mashine ya kusaga mahindi, ukaishia kwenye kiwiko. Alichomeka sindano kwenye kipande cha sabuni, akatunga uzi kwa mkono uliobaki, na sisi wenye mikono miwili bado tulikuwa tunalamba uzi na kukodoa macho. Siku ya kwanza nilipomwona nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa.

Kushona kulikuwa nusu tu ya mafunzo yake. Maman Ngoie alikuwa anapita kwa mafundi mjini akitutafutia staje, na kabla hajakupeleka kwa mtu ilikupasa ukae mbele ya wenzako useme kwa kinywa chako: naweza kazi hii, na ili niifanye vizuri nahitaji kitu hiki. Zoezi lile tuliliita "kusimama mbele," na tulilicheka sana, kwa sababu wengi wetu tulilifanya tukiwa tumekaa.

Neno langu lilikuwa rahisi. Mtu wa magongo akisimama, mikono yake ina kazi tayari. Haiwezi kushika tena utepe wa kupimia. Kwa hiyo pale kituoni nilikaa kwenye kiti kirefu, na aliyepimwa alisimama mbele yangu akazunguka yeye. Nilipima vizuri kabisa. Lakini kumwambia patron, mtu mzima mwenye duka lake, kwamba anitafutie kiti kirefu na wateja wake wazunguke! Niliona ni kuomba, na mimi sikutaka kuwa mwombaji.

Maman Ngoie aliniuliza, "Fundi ya nyumba akisema 'muniletee mayi nichanganye simenti,' weye unaonaka anaomba?"

"Hapana, Maman."

"Bon. Anaita bintu bya kazi yake. Na weye uite bya kwako."

Nilikubali kwa mdomo. Moyo ulibaki na mambo yake.

Basi ikatokea kazi kwa Papa Kalala, fundi mwenye duka karibu na soko. Kwaya ya akina mama ilikuwa imemletea vitenge ashone sare za sikukuu ya kanisa lao, na mikono yake peke yake isingemaliza. Alimwambia Maman Ngoie amletee mwanafunzi mmoja kwa siku moja. Akiridhika atambakisha, asiporidhika kila mtu na njia yake. Maman Ngoie alinichagua mimi, lakini habari za magongo hakumwambia; hilo lilikuwa neno langu kulisema. Nyumbani, shangazi alikuwa amekwisha kusema na dereva wa lori la Lukafu. Kwa hiyo siku ile ilikuwa ama cherehani, ama mbuzi.

Tulipatana kwamba Maman Ngoie atanisindikiza. Mimi nikamtoroka. Niliamka mapema, nikapanda taksi peke yangu, nikafika dukani wakati Papa Kalala amevuka barabara kunywa chai, huku mwanamke muuza mandazi akifagia mbele ya mlango. "Ingia, mama, iko anarudia sasa hivi," aliniambia. Niliingia, nikakaa nyuma ya cherehani, nikasukuma magongo chini ya marundo ya vitenge mpaka yasionekane hata ncha, nikatandika nguo yangu vizuri juu ya miguu. Papa Kalala aliporudi alikuta binti mzuri ameketi, ametulia, amekwisha kutunga uzi. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini asubuhi ile mimi niliiona ndefu, tena ina kivuli.

Nilishona, mwanangu! Mguu wangu wa kulia ulikanyaga pedali kama umelipwa kwa ajili yake. Papa Kalala alikuwa anapita nyuma yangu, anainua pindo, anatazama mshono, anaguna. Kuguna kwake kulikuwa kuzuri. Mambo yaliharibika kidogo aliponiambia nimletee mkasi uliokuwa upande wa pili wa chumba. Nikajifanya sikusikia, nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Akauchukua mwenyewe.

Adhuhuri mke wake akaleta chakula. Bukari ya moto, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo, na samaki wa kukaanga. Meza ilikuwa nyuma ya duka.

"Kuya tukule," Papa Kalala aliniita.

Ningefikaje mezani? "Aksanti, Papa. Leo nafunga."

Uso wake ukang'aa. "Ah! Mutoto wa maombi! Maman Ngoie alinichagulia muzuri." Akala karibu na mimi ili nisione upweke. Akafyonza kichwa cha samaki mbele yangu, taratibu, kwa sauti. Nilimeza mate nikashona, nikameza tena.

Bado alikuwa anafuta vidole wakati mlango ulipojaa akina mama. Kwaya ilikuwa imefika kupimwa. Mbele yao alikuwa Maman Mbuyi, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Papa Kalala akaniwekea utepe mkononi.

"Simama, upime ba-maman. Miye nitaandika."

Sikusimama. Alirudia, na sikusimama. Alinitazama kama mtu aliyenunua jogoo anayekataa kuwika. "Juu ya nini unaikala? Uko mugonjwa? Uko muvivu?" Mimi nilikuwa naona mbuzi wa Lukafu wananitazama, mmoja mmoja, wanatafuna.

Hapo ndipo Maman Ngoie alipotokea mlangoni, anahema, mtandio umemwangukia begani. Alikuwa amenitafuta kituoni na nyumbani. Akaniona, akaona nguo niliyoitandika, akatazama yale marundo ya vitenge, na nilijua ameelewa yote. Nilitegemea atanisemea. Hakunisemea.

"Weye," alisema, "ulikuya hapa kutafuta kazi ao kuiba kazi? Mwenye kuiba njo anafichaka. Kama iko kazi yako, sema."

Hakupandisha sauti. Hata leo nikilikumbuka neno lile masikio yangu yanapata moto. Lakini sikiliza: lilinikamata mkono zaidi ya lilivyonipiga. Aliita kazi ile kazi yangu, mbele ya watu. Nikainama, nikavuta magongo kutoka chini ya vitenge, nikayaweka juu ya meza ya cherehani mbele ya wote.

"Papa, miye natembeaka na hizi," nikasema. "Kushona, naweza, uliona. Kupima, naweza pia. Lakini nikisimama mikono inakamata magongo, metre hakuna mwenye kuikamata. Unipatie ile kiti ya murefu pale pembeni. Miye naikala, maman anasimama, anazunguka yeye."

Papa Kalala akafungua mdomo. Maman Mbuyi akamtangulia.

"Kuzunguka tu?" akapiga makofi. "Mais, sisi ni bantu ba chorale! Kuzunguka njo kazi yetu!"

Kabla kiti hakijatulia mbele yangu alikuwa amekwisha kuanza wimbo. Akainua mikono nikapita utepe kifuani, akazunguka robo nikachukua mgongo, akazunguka tena nikashuka kiunoni, na nyuma yake mama wa pili akashika wimbo, wa tatu akaongeza vigelegele, na wote wakajipanga wakija kwangu kwa hatua zile zile wanazoingilia kanisani. Mimi nilitaja vipimo, Papa Kalala aliandika huku kichwa kinamtikisika kwa wimbo bila yeye kujua. Muuza mandazi aliingia kutazama, naye akazunguka, ingawa hakuna aliyemshonea kitu. Nilicheka mpaka machozi yakalowesha utepe. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na mume wangu asisikie, maana yeye anadhani ilikuwa siku ya harusi.

Walipokwisha kutoka, Papa Kalala alibaki amesimama, ameshika kalamu.

"Tangu asubuhi ile kiti ilikuwa pale," alisema. "Ungesema tu." Kisha akakunja uso. "Na ile kufunga?"

Nikatupia jicho ile meza ya nyuma. Maman Ngoie akageukia ukuta, mabega yanacheka.

"Mama Kalala!" yule mzee akamwita mke wake. "Bukari iko ilibakia? Leta! Huyu mutoto atakufia hapa, na kesho asubui iko na kazi!"

Nilikula, mwanangu, mpaka aibu yenyewe ikashiba ikaondoka. Mbuzi wa Lukafu walitafutiwa mlinzi mwingine. Na shangazi yangu, siku nilipoanza kushonea watu kwa jina langu, ndiye aliyekuja wa kwanza kupimwa. Alizunguka, akazunguka, hata nilipokwisha kumaliza bado anazunguka.

Kiti kile Papa Kalala alinipa nilipofungua duka langu. Ndicho hiki nilichokalia.

Basi shika neno langu. Mficha uchi hazai, na mficha mahitaji yake hufunga siku ambayo wenzake wanakula samaki. Kesho ukifika kwa patron wako, usisubiri akuite usimame. Mwambie mapema unachoweza, kwanza hicho, kwa kichwa juu. Kisha mwambie unachohitaji, kama fundi anavyoita maji. Akikataa, hukupoteza kazi. Umejua tu kwamba kazi yako iko mlango mwingine, nasi tutautafuta pamoja. Na siku nawe utakapokuwa na duka, akija mtu amekaa kimya sana nyuma ya cherehani, usimwite mvivu. Muulize kama amekula.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kiti cha kimo chako, akupe mwalimu asiyekusemea, na kila utakapokaa kufanya kazi akuletee watu wanaopenda kuzunguka.