Nani Aliwatia Wekundu Ng'ombe wa Kerrow?

Rukiyo hakuwa mtu wa kuamini. Chai ya kibandani aliinusa kabla ya kuinywa, na mtu akimwamkia kwa bashasha alijiuliza, huyu leo anataka nini? Tabia hiyo hakuiokota njiani. Alilelewa Sangailu na mjomba wake Kerrow, na Kerrow alimfundisha kwamba kitu hakibadiliki chenyewe, lazima kuna mkono.

Basi ofisi ya mifugo ya Garissa ilipoletewa kompyuta, mwaka wa tisini na sita, naye Rukiyo, mpiga chapa wa ofisi, akakabidhiwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifunga. Kompyuta za siku zile zilikuwa na kitundu cha ufunguo kwa mbele. Alifunga, akaufundika ufunguo kwenye pindo la garbasaar yake, shuka aliyojitanda, na akawa analala nao. Hata Salah, karani mwenzake, kijana wa Liboi aliyesomea mashine hizo Nairobi, hakuigusa ila Rukiyo amemsimamia kisogoni.

Humo ndani kila mahali palikuwa na ukurasa wake: Bura, Liboi, Sangailu. Mfugaji mmoja, mstari mmoja. Kundi lenye homa ya mapafu visanduku vyake vilitiwa rangi nyekundu, na mwenye nyekundu hapati kibali cha soko. Daktari wa mifugo hakujisumbua kusoma maneno. Alitazama rangi, akasaini au akakataa.

Kiangazi kilipokaza, Kerrow akaja. Ng'ombe aliwaacha kizuizini nje ya mji, mbavu zinahesabika, nyasi hakuna. Wasipoingia sokoni upesi ni mizoga. Daktari akachungulia skrini, akatikisa kichwa.

"Mzee, hawa ni wagonjwa."

Nyekundu, mstari mzima! Rukiyo damu ikampanda. Neno "wazima" pale pale alilipiga yeye kwa vidole vyake. Nani basi, kama si Salah? Liboi na Sangailu wanagombea wanunuzi wale wale. Na juzi tu si alimuuliza, "Mjomba wako anakuja lini?" Kumbe!

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alifoka, wafugaji wamejaa barazani wanasikia. "Huyu Salah ndiye anayetaka kumuulia abti, mjomba wangu, ng'ombe wake!"

Kerrow kusikia hivyo akainua fimbo. Wazee wakamdaka mkono.

Salah sauti hakuipandisha. "Dada Rukiyo, ufunguo anao nani?"

Mkono wa Rukiyo ukaenda wenyewe kwenye pindo. Fundo lilikuwepo.

"Na jana uliufanyia nini ukurasa wa Sangailu?"

Aliupamba. Daktari alikuwa ameusifu ukurasa wa Liboi kwa mistari yake minene na vichwa vilivyokoza, na Rukiyo hakukubali Liboi iishinde Sangailu hata kwa urembo. Akanakili sura ya ule, akaibandika juu ya huu. Sura tu, maneno hakuyagusa. Lakini rangi nayo ni sura. Wekundu wa mgonjwa wa Liboi ulihama pamoja na mistari, ukamwangukia Kerrow, aliyekuwa mstari ule ule.

Aliona aibu, wallahi, aliomba ardhi ipasuke immeze. Akaketi, akaufuta wekundu ule. Daktari safari hii akasoma neno, akaguna, akasaini.

Rukiyo akamfikishia mjomba wake kibali barazani. Mzee alikuwa bado amekaza fimbo, macho kwa Salah.

"Abti, si yeye. Mwache," alisema kwa Kisomali. "Ni mimi. Mashine ile hakuna mwingine aliyeigusa."

Kerrow akamgeukia polepole. Alimtazama mtoto aliyemkuza kwa maziwa ya ng'ombe hao hao, akamtazama vile anavyomtazama mnunuzi asiyemjua.

"Rukiyo," akasema, "kitu hakibadiliki chenyewe. Nani alikutuma?"