Nta Yangu ya Soya na Wakwe wa Nafula

Hii aibu wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu mtaa wetu wa Ziwani hapa Nairobi wote unaisimulia vibaya, kuna wenye wanasema nililisha watu sabuni, kuna wenye wanasema eti ilikuwa dawa ya mapenzi, na kuna mmoja hapa nyuma ya nyumba yangu (namjua, na yeye anajijua) anasema ni uzee. Si uzee. Akili yangu bado ni kali kuliko kisu ya bucha. Ilikuwa ni mshumaa.

Mimi hutengeneza mishumaa ya harufu. Ndiyo, mimi, mwenye shule nilikuwa naipita tu nikienda mtoni. Nafula, mjukuu wangu mwenye nimelea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, ndiye alinionyesha kwa simu, "Shosho, cheki hii, hii unaeza," anaongea akitafuna maneno kama chingamu, na mimi nikaangalia mara moja nikamwambia zima, nimeelewa. Unayeyusha, unatia harufu, unamimina, utambi katikati. Mtu amepika pombe ya busaa miaka yote hiyo (kabla niokoke, msiniangalie hivyo) atashindwa na hiyo?

Sasa kazi iko kwa kuchagua nta, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mimi nilianza na parafini, ile ya mishumaa ya kuwasha stima ikienda, lakini moshi yake ilinipakia dari nyeusi tititi, na harufu ya mafuta ya taa inapigana na marashi mpaka hujui nani ameshinda. Nikafunga kitambaa nikaenda Eastleigh, kwa mama mmoja wa Kisomali anauza vitu za sabuni na mishumaa, mama mpole, huongea kama anakupea siri ya serikali: "Mama, skiza mimi. Wewe nataka harufu? Chukua soya." Nikamuuliza soya gani, ile ya kuchanganya na uji? Akacheka mpaka akashika meza. "Hiyo hiyo, mama. Mafuta yake ndiyo wanageuza inakuwa nta."

Na soya yenyewe akaniambia ni mbili. Kuna ngumu, ya mshumaa wa kusimama peke yake kama askari, hiyo haibebi harufu mingi. Halafu kuna laini, ya kumimina ndani ya glasi, hiyo inabeba harufu mpaka inalewa. Nikagusa ile laini na kidole. Nyeupe, inateleza, nikamwambia mama hii si mafuta ya kupikia kabisa? Akacheka, nikacheka, tukacheka hapo wajinga wawili.

Nikachukua laini, na kwa hiyo sikukosea, hata leo nitabishana na mtu. Kitu moja tu, inataka kulala. Ukishamimina, unafunika, unaiacha wiki mbili hivi harufu ishikane na nta, ni kama mchuzi, wa jana ndio mtamu kuliko wa leo. Wale wanawasha siku hiyo hiyo wakasema haina harufu, shida ni haraka yao.

Basi. Nafula akapata kijana, Mutuku, dereva wa lori, mtoto mzuri, Mkamba, anasalimia mpaka unachoka. Lakini Mutuku mwenyewe alikuja akaketi hapo akaniambia pole pole, "Shosho, kwetu neno la mwisho ni la shangazi." Na huyo shangazi, Mama Ndinda, dada ya baba yake, alikuwa ashasema yeye hataki msichana wa mjini, wasichana wa mjini wanajua chakula ya kibanda, jikoni wanaingia kutafuta chaja ya simu. Angekuja na ndugu yake, wale, waangalie, na akisema hapana, ni hapana. Nafula wiki hiyo hakuwa analala. Namsikia anageuka kitandani kama chapati kwa kikaango.

Mimi nikasema, hawa watu wakifungua mlango wanukie nyumba ya maana. Nilikuwa nishatengeneza mishumaa mapema, ya vanila, glasi nzuri zimepangwa, zikalala vile inatakikana. Lakini siku hiyo ya kumimina glasi ziliisha, utambi ukaisha, na nta bado iko kwa sufuria, na ishatiwa harufu. Nta imetiwa harufu huwezi kumwaga, ni dhambi. Nikaona mkebe wa mafuta ya kupikia, ile nyeupe ya kuganda, mtupu, nilikuwa nimeuosha. Nikamimina humo, nikafunga na kifuniko yake, nikaweka kwa kabati ya jikoni, karibu na unga, kwa sababu hapo jua haifiki. Nikajiambia utambi nitatia baadaye.

Hicho kidogo tu. Hapo ndipo shetani alinipigia makofi.

Sasa mjue desturi yetu hapa mtaani, ukiwa na wageni wa heshima, majirani wanakuja wanakutoa jikoni. Wewe ni mwenye siku, unakaa kwa kiti umevaa vizuri, hushiki hata kijiko. Na kiongozi wa kunitoa ni Mama Akinyi, jirani yangu, mwanamke wa sauti, akiongea hapa Ziwani huko Starehe wanageuka. "Mama Wafula! Yawa! Toka! Unataka wakwe wakukute na moshi kwa macho? Keti huko, mimi niko!" Nikatoka. Nafula naye wakamtoa, eti aende akajipambe.

Wakwe wakafika, Mutuku mbele. Mzee Kioko, baba ya kijana, ni mchongaji, mzee mtulivu na bakora amechonga mwenyewe, kichwa ya bakora ni ndege. Na Mama Ndinda. Wee! Huyo mama haongei, anatoa neno moja anaangalia limeanguka wapi. Ameketi, ameangalia ukuta, ameangalia pazia, akasema, "Naona... ni... safi." Nikasikia kama nimepita mtihani, na mimi mtihani sijawahi kufanya.

Halafu ikaja ile harufu kutoka jikoni. Tamu! Mzee Kioko akainua pua. "Kunanukia keki," akasema na ile sauti yake ya chini kama gunia linavutwa. Mimi nikajidai, nikajua ni zile glasi zangu. Nikageuka kuangalia glasi. Hata moja haijawashwa.

Ndio Mama Akinyi akaingia na hotpoti ya chapati, uso unang'aa, anatangaza kama yuko kwa spika ya kanisa: "Karibuni! Siku hizi mafuta imekuwa ya kisasa, yawa, inanukia yenyewe! Na hizi zote ni kazi ya mikono ya Nafula!"

Mafuta ya kunukia. Mkebe. Kabati.

Ningesema hapo hapo, ingeisha. Lakini huyu mwanamke ashatangaza ni za Nafula! Nikisema zina nta, Nafula ndiye ametia nta. Nikisema si za Nafula, Mama Ndinda atasema si nilisema. Basi mimi na akili yangu kali kama kisu nikaamua, washa mishumaa. Nikijaza nyumba na vanila, harufu ya chapati itapotelea humo, watakula haraka, wataenda. Nikawasha moja, nikawasha ya pili, nikawasha zote. Na nishawaambia hiyo nta inabeba harufu. Ndani ya dakika chache ilikuwa kama tumefungiwa ndani ya keki ya harusi. Mzee Kioko akaanza kupiga chafya. Mama Ndinda akatoa leso akashika pua. Mutuku, mtoto wa watu, macho yanatoka machozi na bado anatabasamu.

"Kuleni, kuleni," nikasema, na ili wasishuku nikachukua chapati mimi wa kwanza. Wenzangu, ile kitu ilikuwa chungu! Harufu ni ya keki, ladha ni ya marashi. Nikatafuna kama mbuzi amepata karatasi, natabasamu, "mmh, mmh," na mdomo unaganda, kwa sababu nta ikipoa inarudi kuwa nta, inakushika juu ya kinywa huku ulimi unasukuma bure.

Mama Ndinda akanyoosha mkono achukue moja. Zikaja tatu. Akavuta, zikakataa kuachana. Akaziangalia upande huu, akaziangalia upande ule, akagonga na kidole. Ko, ko. Akavunja kipande (akavunja, nasema, hakurarua) akachovya kwa chai, na hapo kwa chai kukapanda kitu nyeupe, ikatulia juu, ikaganda kama barafu. Nyumba yote tunaangalia hicho kikombe.

Mzee Kioko alichukua kipande chake, akaitia kwa vidole akaisugua, akanusa, halafu akaanza kusugua nayo kichwa ya bakora yake. Pole pole. Yule ndege akang'aa! Mzee akainua bakora juu akaiangalia, akasema kwa heshima zote, "Hii ni nta. Nzuri, hata."

Mama Ndinda akatoa maneno yake moja moja. "Msichana... ametupikia... nta?"

Nafula alikuwa amesimama hapo mlangoni na nguo yake mpya. Hakunitaja, hakumtaja Mama Akinyi. Hiyo ndiyo ilinitoa kwa kiti.

"Msichana hajapika," nikasema. (Nafula husema mimi nikikasirika Kibukusu inanitoka puani, "biashara" inakuwa "piashara", na siku hiyo ilitoka yote.) "Chapati ni za huyu jirani yangu, na nta ni yangu mimi. Niliweka kwa mkebe wa mafuta. Mkitaka mjinga, ndiye huyu hapa, amevaa kitambaa ya kijani."

Mama Akinyi akapiga kelele, "Uwi! Mama Wafula! Umenifanya nimepikia watu mshumaa!" na akaketi chini na hotpoti yake.

Nikadhani nimeokoa. Kumbe Mama Ndinda ananiangalia tu. "Kwa hivyo... hajui... kupika."

Sasa ona hapo nimemfikisha wapi mtoto. Nilitaka sakafu ifunguke.

Ndio Nafula akaniambia, "Shosho, keti." Akafunga leso juu ya ile nguo mpya, akaenda mbele ya Mama Ndinda, akapiga goti kidogo, akasema, "Mama, twende jikoni. Ukae hapo hapo uone." Na Mama Ndinda akainuka! Wakaingia, mlango ukafungwa, na sisi tukabaki tunazima mishumaa na kufungua madirisha, hakuna mtu anaangalia mwingine.

Tunasikiza. Tunasikia Mama Ndinda, "Makaa imezima." Kisha Nafula, "Tutawasha, mama." Kisha kitu kikalia fuu! Na Mama Ndinda akacheka. Huyo mama! Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mzee Kioko akasimama na bakora akifikiri dada yake ameanguka. Kumbe Nafula alichukua zile chapati za nta akazivunja akatupa kwa jiko, moto ukaruka juu, na akamwambia, "Kwetu chakula hatutupi, mama."

Baadaye mlango ukafunguka. Na mwenye amebeba sahani ya chapati, moto, laini, zinakunjika kama kitambaa, hakuwa Nafula. Alikuwa Mama Ndinda mwenyewe, na unga kwa shavu. Akapita mbele yangu, akapita mbele ya Mama Akinyi bado yuko sakafuni, akaweka mbele ya ndugu yake. "Kula," akamwambia. "Hizi ni za msichana wetu."

Wetu! Nikalia hapo mbele ya watu, kinywa bado imeshikana na nta.

Na sitadanganya mtu hapa eti nimeacha mishumaa. Siachi. Na soya siachi, na ile laini siachi, harufu ya nguvu ni hiyo, mwenye anabisha aje anuse. Lakini nimeapa, nta haitawahi kuvuka tena mlango wa jikoni kwangu, siku hizi inalala chini ya kitanda changu na mimi naota niko bekari. Na mafuta ya kupikia ya mkebe nimeacha kabisa, nanunua ya chupa, ile ya kumwagika. Hiyo hata Mama Akinyi, na ile haraka yake yote, hawezi kuichanganya na mshumaa.