Nahodha Orpah na benchi la wakwe

Saa mbili asubuhi, katika ufuo wa Mbita, Orpah Awuor anapangusa benchi ambalo bado linanukia vanishi. Anapitisha kitambaa upande mmoja, anazunguka na kupitisha upande wa pili, kisha anaurudia ule wa kwanza ingawa hakuna hata tone la maji lililobaki. Kila gari linaloteremka kutoka barabara ya Homa Bay linamfanya ainue kichwa.

"Utalimaliza hilo benchi kabla wageni hawajalikalia," anasema mumewe, Gordon, ambaye ameinama akikaza skrubu za injini.

"Wewe maliza injini yako, baba Javan. Mimi nangoja mtu."

Mtu anayengojwa ni Byron Owaga, fundi wa simu mjini Migori. Mkewe, Beverly, alipiga simu wiki iliyopita akasema kwamba familia inarudi kwa matembezi ya pili visiwani, na kwamba mama yake mzazi atakuwamo tena. Hakusema kama mumewe atakuja. Orpah naye hakuthubutu kuuliza. Byron alipopanda boti hii kwa mara ya kwanza, mwezi Desemba, alishuka bila kumuaga mtu yeyote.

Boti yenyewe inaitwa Kuwe, neno la Kidholuo lenye maana ya utulivu. Hubeba familia kutoka Mbita hadi Takawiri, kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi, na wageni wenye muda zaidi huzungushwa Mfangano kutazama miamba na ndege wa majini. Familia inayoikodi kwa siku nzima hulipa shilingi elfu sita, na karibu nusu ya fedha hizo huishia kwenye petroli. Shule zikifungwa, safari huwa tatu au nne kwa wiki. Zikifunguliwa, wiki nzima inaweza kupita bila hata moja.

Orpah ana miaka arobaini na mmoja, na ndiye mwanamke pekee anayeshika usukani katika ufuo huu. Hata hivyo, hilo silo linalowafanya watu wa Migori, Awendo na Rongo waulize habari zake. Wanamtafuta kwa sababu anajua mkwe akae wapi.

Katika jamii ya Waluo, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawaketi meza moja, hawashikani mikono, hawalali chini ya paa moja. Mjini wako waliolegeza kamba, lakini familia nyingi zingali zinaufuata mwiko huo bila kunung'unika, na wenyewe wanauona kuwa ni mapenzi ya aina yake. Nyumbani si vigumu kuutunza, kwa kuwa kuna vyumba, kuna ua na kuna mlango wa nyuma. Botini kuna mbao chache tu, na maji pande zote.

"Watu hawafikirii jambo hilo mpaka wafike hapa ufuoni," anasema Orpah. "Mtu amelipa, amevalisha watoto, amebeba chakula. Halafu anasimama pale mchangani anauliza, sasa mimi na mama tunapandaje?"

Swali hilo halikuwa geni kwake. Ndilo lililomfanya awe nahodha.

Orpah alizaliwa Mfangano, akaolewa Mbita na Gordon, ambaye wakati huo alikuwa akivusha abiria. Miaka tisa iliyopita mama yake, Edinah, alianza kuhudhuria kliniki ya shinikizo la damu mjini Homa Bay. Miguu ilikuwa imedhoofika, na kung'ang'ania nafasi katika boti zilizojaa watu kulikuwa kunamshinda. Mkwe wake alikuwa na boti, lakini nahodha hukaa nyuma, na kila aliyemo botini yuko mbele ya macho yake.

"Nilijaribu mara moja," anakumbuka Gordon, akifuta mikono kwa tambara. "Nikageuza uso upande mmoja ili nisimtazame mama. Nikapita juu ya nyavu za watu. Wale wavuvi walinitukana mpaka mama akaziba masikio."

"Alikuwa anacheka," Orpah anamrekebisha. "Alijifunika leso akacheka mpaka Mbita."

Baada ya siku hiyo wakawa wanakodi nahodha mwingine kila mwezi, shilingi elfu moja mia tano kila safari, ilhali boti yao wenyewe imefungwa ufuoni. Orpah, ambaye wakati huo aliuza omena, dagaa wa ziwani, alimwambia mumewe amfundishe. Walifanya mazoezi Jumapili baada ya ibada. Vijana wa ufuoni walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakawa wanamtania.

"Walikuwa wanasema, Gordon, umempa mkeo usukani, wewe utapewa sufuria?" anasimulia. "Nikawaambia, hata sufuria ninyi hamwezi; mngeweza, mngekuwa mnachemsha maji mkaoga."

Alifanya mtihani wa unahodha, akaufaulu. Safari yake ya kwanza akiwa na cheti ilikuwa ya kumpeleka mama yake kliniki. Gordon alibaki ufuoni na injini za kutengeneza, na amebaki hapo mpaka leo.

Walipoanza kubeba watalii, Orpah alibuni pazia. Alisimamisha vijiti viwili katikati ya boti, akafunga kamba, akatundika leso mbili zilizoshonwa pamoja. Mama mkwe alikaa nyuma karibu na nahodha, mkwe akakaa mbele, na watoto wakapita chini ya pazia watakavyo. Habari zikaenea. Watu wakapiga simu wakiomba "ile boti ya pazia."

Ndivyo Byron na jamaa zake walivyokuja Desemba. Walikuwa sita: Byron, Beverly, watoto watatu, na mama yake Beverly, Roseline, mkulima wa mahindi mwenye miaka sitini na saba, ambaye maisha yake yote alikuwa ameliona ziwa kupitia dirisha la gari tu. Byron, mwanamume wa miraba minne, alipanda mbele pamoja na mabegi na kreti ya soda. Mama Roseline akaketi nyuma, jaketi la kuokoa maisha limemfika kidevuni.

Takawiri mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alikula samaki wake upande mmoja wa jiko, mkwe akala upande wa pili, na kifungua mimba wa Byron, Liz, mwenye miaka minane, akawa mjumbe kati ya baba yake na nyanya yake, ambaye humwita dani.

"Baba, dani anauliza kama samaki wako ana chumvi ya kutosha."

"Mwambie dani inatosha. Muulize kama ameshiba."

"Anasema ameshiba, lakini wewe hujashiba. Amekuona ukitazama sufuria."

Kawaida Orpah huondoka kisiwani kabla ya saa nane, kwa sababu upepo wa alasiri huamsha mawimbi. Siku hiyo walichelewa. Mama Roseline alikuwa amekunja rinda, ameingia majini hadi magotini, na kila alipoitwa alisema anakuja, kisha akapiga hatua nyingine kuelekea ndani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumharakisha.

Upepo uliwakuta katikati ya safari ya kurudi. Ulitokea nyuma, ukajaa katika pazia kama unavyojaa katika tanga, na boti ikaanza kusukumwa kwa kasi ambayo Orpah hakuitaka. Alimwamuru Beverly ashushe pazia. Leso zilianguka sakafuni, zikalowa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na kitu chochote kati ya Byron na mama mkwe wake. Byron aliwapa mgongo haraka, akakazia macho milima ya Gembe.

Hatari, hata hivyo, haikuwa imekwisha. Mbele ya boti palikuwa pazito. Kila wimbi lilipoinua sehemu ya nyuma, ya mbele ilizama na kuchota maji. Kreti na mabegi yalipitishwa mkono kwa mkono hadi nyuma, lakini hayakutosha. Uzito uliobaki mbele ulikuwa Byron mwenyewe.

"Baba Liz, njoo nyuma," Orpah alimwita.

"Niko sawa hapa, nahodha."

"Hauko sawa. Njoo ukae hapa karibu na injini."

"Hapo yupo mama," alisema Byron, bila kugeuka. Maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. "Nitalala chini hapa hapa."

Orpah anakiri kwamba hapo ndipo alipopaza sauti. "Nilimwambia, ndugu yangu, tukipinduka utaogelea na mama mkwe wako, na kule majini sina pazia."

Byron hakusogea. Watoto wawili wadogo walikuwa wanalia. Kisha Mama Roseline akaivuta leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa chote, akazunguka polepole juu ya ubao mpaka uso wake ukaelekea injini.

"Liz," alisema, "mwambie baba yako mimi hapa sioni mtu. Naangalia hii mashine."

Liz aliufikisha ujumbe, ingawa kila mtu alikuwa ameusikia. Byron akaja akitambaa, kinyumenyume, akaketi mgongo wake ukielekea mgongo wa mama mkwe, pengo kati yao likiwa la kiganja kimoja. Mbele ya boti ikainuka. Wimbi lililofuata lilipita chini yao badala ya kuingia ndani.

Wimbi jingine likawapiga ubavuni. Byron, ambaye hakuwa ameshika chochote kwa kuogopa kumgusa mtu, aliteleza kuelekea ukingoni. Mkono ukatoka chini ya leso, ukaenda nyuma bila kutazama, ukaushika ukanda wa jaketi lake. Haukuuachia mpaka Mbita.

"Niliendesha nikiutazama ule mkono," anasema Orpah. "Mishipa ilikuwa imesimama."

Gordon aliwapokea ufuoni, akamwinua kila mtoto na kumweka nchi kavu. Beverly alikaa mchangani, akacheka na kulia kwa pamoja. Byron alivua jaketi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ubao, akaenda moja kwa moja garini.

Usiku huo Orpah hakupata usingizi. Watu wote walikuwa salama, na alimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini aliwaza juu ya nyumba ya Migori. Alijua wazee wengine wangeweza kuitisha kikao. Alijua pia kwamba mwanamume mwenye aibu anaweza kuacha kabisa kufika kwa wakwe zake, na watoto wakakua wakimwona nyanya yao kwa nadra. Alijiuliza kama ameokoa familia majini na kuivunja nchi kavu.

Siku ya tatu simu iliita. Alikuwa Mama Roseline mwenyewe.

"Nahodha, yale majaketi ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Yote?"

"Yote, mama. Niliyanunua Kisumu."

"Basi, hivyo ndivyo nilivyowaambia wazee hapa. Mimi nilishika jaketi la nahodha. Kama lilikuwa na mtu ndani, hiyo si shauri yangu."

Orpah anasema alicheka mpaka Gordon akatoka nje kuona kuna nini. Wazee, kwa maelezo ya Mama Roseline, walitazamana, wakaomba chai.

Pazia halikutundikwa tena. Kwa miezi miwili Orpah na fundi seremala walipima, wakakata na kubomoa, hadi likapatikana benchi hili: limesimama katikati ya boti kwa urefu, lina egemeo moja la mbao linalofika mabegani, na lina viti pande zote mbili. Mkwe hutazama maji ya kulia, mama mkwe hutazama ya kushoto. Uzito wote uko katikati, na upepo hauna pa kushika. Seremala alilipatia jina la kiti cha migongo. Ufuoni wanaliita benchi la wakwe, na wenye boti mbili nyingine tayari wameomba vipimo. Orpah aliwapa bila malipo. Anasema hataki familia yoyote ichague kati ya heshima na uhai, wakati fundi mmoja na mbao chache zinaweza kuvilinda vyote viwili.

Saa mbili na nusu, gari dogo jeupe linateremka na kusimama kando ya mitumbwi. Liz anatoka kwanza, mbio. Wadogo zake wanafuata, kisha Beverly, kisha Mama Roseline, ambaye amevaa viatu vya plastiki na tayari amekunja rinda. Mlango wa dereva unachelewa kufunguka. Orpah amelishika benchi kwa mikono miwili.

Byron anatoka. Anapita mbali na mama mkwe wake, mwendo wa nusu duara juu ya mchanga, hadi kwenye boti. Analitazama benchi, analigonga kwa vifundo vya vidole.

"Hili halitapaa?"

"Halipai," Orpah anajibu.

"Lile jaketi nililovaa Desemba bado lipo?"

"Lipo."

"Nipe hilo hilo."

Gordon anaanza kucheka kabla ya wengine. Byron anajaribu kujizuia, anashindwa, na kutoka upande wa pili wa boti sauti ya Mama Roseline inasikika, "Liz, mwambie baba yako akaze mikanda. Leo mikono yangu nimeileta kwa ajili ya samaki."

Wanapanda. Orpah anakagua mikanda, mtu mmoja baada ya mwingine, kisha anasimama kidogo kando ya injini. Ametua, kama mtu aliyeshusha gunia. Anasema sasa anaweka akiba ya paa la boti, ili jua la saa sita lisiwachome wazee. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji akiba, na amelipangia mwezi Agosti.

"Mama yangu anaijua boti hii kama gari la hospitali," anasema. "Hajawahi kuipanda kwa raha zake. Nitamchukua Mfangano, nimkalishe kushoto. Gordon atakaa kulia. Twende Takawiri wakale samaki."

"Na nani atapeleka ujumbe?" anauliza Gordon.

"Mimi," anasema Orpah, na kuvuta kamba ya injini.