Viatu Mbele ya Leso

Nilikwenda ng'ambo bila mfadhili, nikaogesha wazee wa watu hadi nikapata diploma ya kutunza wagonjwa wa akili. Nyumba yetu ya mtaa wa Mountain View, yenye geti la kijani, nimeijenga mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Basi siku ya kupokea mahari ya mdogo wetu wa kike wa mwisho ilipokaribia, nilijiona mtu pekee wa kusikizwa kuhusu dada yetu mkubwa.

Dada huugua akili. Anameza dawa zake, na sukuma wiki anazopanda hazina mfano mtaani. Ila akifika mahali anapopaheshimu, huvua viatu akavipanga. Mwaka jana alivivua mlangoni mwa benki, katikati ya mji. Mlinzi akamfukuza, watu wakatoa simu kumpiga picha. Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa msikiti, wanaume wa suti walikuwa wakivua vyao na hakuna aliyegeuza shingo.

Niliwaeleza shangazi zangu hayo yote, nikawapa somo zima la jinsi watu wanavyombandika mtu jina mpaka likamganda.

"Na hiyo diploma itamwoza nani?" mmoja akaniuliza. "Huku watu wanaoa ukoo. Wakimwona huyu, wanarudi Kilimani na mbuzi wao."

Mama hakubishana na yeyote. Alisema tu kwamba siku hiyo dada angekaa kwa jirani.

Dada alisikia. Asubuhi yenyewe, wasichana wakijifunika leso gubigubi ili bwana harusi amtafute wake kati yao, aliingia chumbani akachukua leso moja.

"Nifunikeni na mimi. Kwani mimi si wa hapa?"

Wageni walikuwa wameshafika getini. Mama akamfunika.

Wakapangwa uani, wageni wakiwatazama. Mara nikaona leso moja inainama. Viatu vikatoka, vikapangwa visigino pamoja. Shangazi akanifinya mkono.

"Tumekwisha."

Kisha leso ya pili ikainama. Mpaka leo bibi harusi hakubali wala hakatai kwamba alikuwa yeye. Ya tatu ikafuata, na nyingine, hadi safu nzima ikasimama miguu mitupu nyuma ya viatu vyao.

Bwana harusi alifika mbele yao, akavitazama vile viatu, akatazama vyake. Akainama, akafungua kamba. Wazee wake, wakidhani ndiyo desturi ya nyumba yetu, wakaanza kuvua nao, wakishikana mabega wasianguke. Mjomba wao mmoja alikuwa na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba. Hakuna aliyecheka.

Nimesoma sana, lakini sijapata kuona kitu kama kile. Kilichoitwa wazimu mlangoni mwa benki kilikuwa heshima uani kwetu, na dada yangu hakuwa amebadilika hata kidogo. 

Msemaji wao akakohoa. "Desturi nzuri hii. Kwetu hatuna. Ilianzishwa na nani?"

Shangazi akanigeukia mimi, mwenye maneno. Nilikuwa nimeinama, navua viatu vyangu.

Ni mama aliyetoka, naye akavua vyake kwanza, akaenda hadi kwenye ile leso na kuifunua.

"Na huyu. Kifungua mimba wangu. Anaugua akili, na mambo ya viatu ni yake."

 Msemaji akamtazama dada, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe kwenye simenti. Akanyoosha mkono.

"Hujambo, mama."

"Sijambo. Karibuni kwetu," dada akasema. "Na huyo mzee wa soksi apewe sindano na uzi."

Mjomba ndiye aliyecheka wa kwanza, mpaka akashika mbavu. Mkewe akavuta kiti karibu na chake, akamwita dada. "Wewe njoo ukae na mimi. Nimemwambia huyu mzee kuhusu hizo soksi nikachoka."

Bwana harusi akakosea mara mbili kumtambua wake chini ya leso, akatozwa mbuzi. Dada alikaa upande wa wakwe siku nzima. Nami niliwapitishia chai pekupeku juu ya simenti niliyoimwaga mwenyewe, na haina hata ufa.